Ardhi Iliyo Kando ya Reli: Jinsi Viwanda Vilivyofika Mashambani Nchini Kenya

Wanachama na wazee wetu wapendwa wanajua ya kuwa hakuna shauri lililotuchukulia muda mrefu katika baraza letu kama shauri la ardhi iliyo karibu na reli. Wako wasemao kwamba ardhi hiyo ipimwe, isawazishwe na kutengewa viwanda, ili vijana wasiende mbali kutafuta kazi. Wako wasemao kwamba ardhi ikishatoka mikononi hairudi. Pande zote mbili zina sababu zao, na kila upande waweza kupata ushahidi wa kutosha katika historia ya nchi yetu. Makala haya hayakuandikwa ili kulimaliza shauri hilo, bali kuwawekea wanachama mbele yao mambo yaliyokwisha kutendeka. Reli imekuwapo nchini kwa zaidi ya miaka 120, na mengi tunayoulizana leo yalikwisha kujibiwa mahali fulani, kwa faida au kwa hasara.

Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya sasa. Urefu wake ulikuwa maili 582. Haikujengwa kwa ajili ya viwanda. Waingereza walitaka kuishika Uganda na chemchemi za Mto Nile, na nchi hizi zetu zilizo katikati zilikuwa kwao kama uwanja wa kupita tu. Injini ilipokwisha kupita ndipo Serikali ilipotambua kwamba gharama ni kubwa na mizigo ni haba. Kwa hiyo walowezi wakaitwa, mashamba yakagawanywa, na thamani ya ardhi ikaanza kupimwa kwa umbali wake kutoka stesheni.

Sheria ilikuwa imetangulia. Sheria ya India ya mwaka 1894 ya kutwaa ardhi ilikuwa imekwisha kuletwa huku, na kwa nguvu yake ikatwaliwa ardhi ya upana wa maili moja kila upande wa reli. Hiyo ndiyo ardhi ya kwanza kutayarishwa kwa ajili ya reli katika nchi hii, na matayarisho yenyewe yalikuwa haya tu: kwamba mwenyewe hakuhesabiwa kuwa mwenyewe tena. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 1904 kati ya Serikali na Wamasai. Mkataba ule ulitamka waziwazi kwamba Wamasai watahamia katika sehemu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, mbali na njia ya reli na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa Wazungu. Nawaomba wazee wayapime maneno hayo. Walioyaandika hawakuficha kitu. Walijua kwamba ardhi iliyo kando ya reli ndiyo itakayokuwa na faida kesho, na kwa ajili hiyo wakataka isiwe na mwenyeji.

Mkataba wa pili ulitiwa sahihi mwaka 1911, na wale wa Laikipia nao wakasukumwa kusini. Walipopeleka madai yao mahakamani, kesi ilitupwa mwaka 1913. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka ule ule wa 1911 iliundwa kampuni ya kuchimba magadi katika Ziwa Magadi, lililo katika nchi ya Wamasai wa kusini. Reli ya tawi ikaanza kujengwa kutoka Konza, mwendo wa kilomita 146 hivi, ikafika ziwani mwaka 1915. Watu waliohamishwa ili wawe mbali na reli, reli ikawafuata.

Magadi yafaa kutazamwa kwa makini, maana ndicho kielelezo cha kwanza nchini cha kiwanda kikubwa kilichowekwa porini kabisa, mahali pasipo mji, pasipo maji matamu ya kutosha na pasipo soko. Wenye kampuni hawakuikuta ardhi ikiwa tayari. Iliwapasa wavute maji kutoka mbali, wajenge nyumba za wafanyakazi, na watandaze reli kabla ya kuuza hata gunia moja. Tena ziwa liko chini bondeni, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Konza iko juu kwa zaidi ya mita 1,000 kuliko ziwa. Kwa kawaida mwenye reli hupenda behewa lililojaa literemke na behewa tupu lipande. Huko Magadi mambo ni kinyume: behewa lililojaa ndilo hupanda mlima kwanza, kisha ndipo linapoanza safari ya kuteremka Mombasa. Faida ilichelewa sana. Kampuni ya kwanza ilishindwa na madeni, na mwaka 1924 ikashikwa na kampuni ya Kiingereza ya Brunner Mond. Miaka mingi baadaye ikaingia katika mikono ya Tata ya India, na bado magadi yanachimbwa.

Mtu aweza kusema, basi, kazi ile ilifaulu. Ndiyo, ilifaulu kwa maana ya kwamba kiwanda kimeishi zaidi ya miaka 100. Lakini hati ya kukodi ardhi, ambayo ni zaidi ya ekari 200,000, iliandikwa kati ya kampuni na Serikali. Mwenyeji hakuwa na sahihi yake katika karatasi hiyo. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kaunti ya Kajiado imeingia katika mzozo mrefu na kampuni juu ya kodi ya ardhi, mzozo wa mabilioni ya shilingi uliofikishwa mahakamani. Karne moja ilipita kabla ya swali la nani apokee malipo ya ardhi kuulizwa kwa sauti ya kusikika. Swali hilo hugharimu kidogo likiulizwa kabla ya kutia sahihi.

Matawi mengine ya reli nayataja kwa ufupi. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, likaendelea kaskazini hata Nanyuki mwaka 1930. Tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926. Yote hayo yalichorwa kufuata mashamba ya walowezi, na nauli za mahindi ya kupelekwa ng'ambo zilifanywa nafuu kwa ajili yao. Thika ilibahatika: ilikuwa karibu na Nairobi, ina mito miwili, ina mkonge, kahawa na mananasi pembeni yake, na baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vikaja kimoja baada ya kingine. Reli ya kutoka Kisumu hata Butere, iliyojengwa miaka ya mwanzo ya 1930, ndiyo ilikuwa tawi lililoingia hasa katika nchi ya Waafrika. Ilichukua mahindi na ilichukua abiria, na kwa muda mrefu iliwachukua vijana waliokwenda kutafuta kazi kwingine. Kiwanda kikubwa hakikuzuka Butere kwa sababu ya reli. Kiwanda cha sukari kilipojengwa Mumias katika miaka ya 1970, kilijengwa penye miwa na penye Mto Nzoia, na miwa ikaletwa kwa matrekta. Kwa hiyo yule asemaye kwamba reli peke yake huleta viwanda, na aende Butere akaone.

Sasa twende Athi River, maana hapo pana mambo mengi.

Athi River ilikuwa stesheni ndogo katika uwanda wa majani. Katika miaka ya mwisho ya 1930 kampuni ya Liebig ilijenga hapo kiwanda cha nyama. Mahali palichaguliwa vizuri: reli ipo, mto upo, Nairobi iko karibu, na upande wa mashariki iko Ukambani yenye ng'ombe wengi. Kitu kimoja hakikutayarishwa, nacho ni wenye ng'ombe. Serikali ilikuwa ikisema kwamba mifugo ya Wakamba imezidi na inaharibu udongo. Mwaka 1938 ikaanza kuwalazimisha watu wa Machakos kupunguza ng'ombe wao. Ng'ombe walikusanywa kwa nguvu na kunadiwa kwa bei ndogo, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo. Haikuwa vigumu kwa mfugaji kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mwezi wa Julai mwaka 1938 watu wengi wa Machakos, wanaume kwa wanawake na watoto wao, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumtaka Gavana asikie maneno yao. Chama chao kiliitwa Ukamba Members Association, na aliyewaongoza ni Muindi Mbingu. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Gavana Brooke-Popham alikwenda kuzungumza nao Machakos mwezi wa Agosti, na Muindi Mbingu akakamatwa akapelekwa kuzuiliwa Lamu, alikokaa miaka mingi. Lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe. Kiwanda kilikuwa na mashine, kilikuwa na reli mlangoni, lakini ng'ombe hawakuja kama ilivyotarajiwa. Vyama vya Waafrika vya wakati ule, navyo vingi vilikuwa vyama vya ustawi kama hiki chetu, vililichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba watu wakishikamana husikilizwa. Mimi naliona kuwa ushahidi wa jambo jingine pia. Mtu anayetaka kuweka kiwanda shambani hana budi kukubaliana kwanza na yule atakayemletea mali ghafi, kwa bei inayoeleweka, maana ardhi tambarare na reli haviwezi kuziba pengo hilo.

Mwaka 1950 Serikali iliunda Kenya Meat Commission, na Athi River ikawa makao ya kiwanda chake kikuu. Kiwanda hicho nacho kimefungwa na kufunguliwa: kilisimama katika miaka ya 1990, kikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji cha East African Portland Cement kilijengwa hapo hapo. Saruji ni mzigo uipendao reli: ni mzito, hauozi, na husafirishwa kila siku kwa kiasi kile kile. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1990, likatengwa eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, na nguo za kupelekwa Marekani zikashonwa huko. Kituo kidogo cha uwandani kikawa mji.

Kampuni ya saruji ilikuwa imemiliki ardhi kubwa, sehemu nyingine ikiwa haijatumiwa kwa miaka mingi. Ardhi isiyotumiwa huwavuta watu kama asali inavyowavuta nyuki. Watu wakajitokeza wakidai ni yao, wakaigawa viwanja, wakauza. Walionunua walikuwa watu wa kawaida: walimu, makarani, wafanya biashara ndogo, wengine wakitumia akiba ya maisha yao yote, na wakajenga nyumba za mawe. Mahakama iliamua kwamba ardhi hiyo, yenye ekari zaidi ya 4,000, ni ya kampuni. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 matingatinga yakaletwa na nyumba zikabomolewa mbele ya macho ya waliozijenga. Kila mwanachama anayeshawishiwa kununua kiwanja karibu na eneo la viwanda, iwe hapa kwetu au kwingine, na aende kwanza katika ofisi ya masjala ya ardhi akaitazame hati kwa macho yake mwenyewe. Karatasi ya kikundi, au kadi yenye muhuri, si hati.

Kwa kuwa nimetaja sheria, na tuseme kidogo juu ya hali ilivyo. Ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kugawanywa katika maeneo yaliyo chini ya sheria ya mwaka 1967 ya kudhibiti ardhi, ila kwa idhini ya bodi ya ardhi ya mahali hapo, na maombi yatakiwa yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano yafanyike. Mapatano yasiyo na idhini ni batili, hata kama fedha zimekwisha kuliwa. Tena, kwa Katiba ya mwaka 2010, mgeni asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Aweza kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mwenye kiwanda kutoka ng'ambo anayekuja kwa mwenye shamba akisema kwamba ni lazima auziwe moja kwa moja, ama haijui sheria, ama anadhani sisi hatuijui. Kukodisha kuna uzito wake: mwenye ardhi hubaki mwenye ardhi, na kodi yaweza kuandikwa ipande kila baada ya miaka kadhaa. Hasara yake ni kwamba fedha haziji kwa mkupuo, na hilo ndilo linalowavunja moyo vijana wetu.

Webuye ni habari ya huzuni, nayo ni ya karibu zaidi na hali yetu, kwa kuwa ilikuwa nchi ya wakulima wadogo. Reli ya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikapita mahali palipoitwa Broderick Falls, ikaendelea mpaka wa Uganda. Kwa zaidi ya miaka 40 mahali hapo palikuwa stesheni na maporomoko ya maji tu. Mwaka 1969 Serikali ya Kenya, pamoja na kampuni ya Orient Paper Mills ya India na shirika la fedha la Benki ya Dunia, waliunda Pan African Paper Mills. Karatasi ilianza kutoka mwaka 1974. Hapa matayarisho yalifanywa kwa hekima zaidi: maji ya Nzoia yalikuwapo, reli ilikuwapo, na misitu ya misunobari na misaipresi ilikuwa imepandwa Turbo na kando kando yake, ili kiwanda kisitegemee bahati. Mji ukakua. Maelfu ya watu walikula kutokana na kiwanda, wengine kwa mshahara, wengine kwa kuuza magogo, vyakula na vyumba vya kupanga.

Wakazi walivumilia harufu, na walilalamika kwa miaka mingi kwamba mabati ya nyumba zao yaliliwa na kutu upesi. Hata hivyo wengi wangeivumilia zaidi, lau kiwanda kingedumu. Mwaka 1999 Serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu yake, ingawa kampuni hii ilikuwa miongoni mwa chache zilizoruhusiwa kuendelea. Madeni yakazidi, umeme ukawa ghali, karatasi ya kutoka ng'ambo ikawa rahisi. Reli nayo, iliyokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, haikupata nguvu mpya, na mkataba ule ukavunjwa mwaka 2017. Mwezi wa Januari mwaka 2009 kiwanda kilifungwa. Vyumba vya kupanga vikabaki vitupu, maduka yakafungwa, na watu waliokuwa wameacha mashamba kwa miaka 30 wakarudi kushika jembe. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa wenye mali wengine. Mji ulioegemea nguzo moja ulianguka pamoja na nguzo yake. Wale waliokuwa wamehifadhi vipande vyao vya ardhi walikuwa na pa kurudi.

Jambo la ufundi lapasa kutajwa hapa, kwa sababu katika mkutano wetu wengi walidhani kwamba kila shamba linalopakana na reli laweza kuwa kiwanja cha kiwanda. Sivyo. Treni haiwezi kusimama katika njia kuu na kushusha mizigo huku nyingine zikingoja. Hutakiwa njia ya pembeni ya kuingilia kiwandani, na njia hiyo sharti iwe karibu tambarare kabisa, maana mabehewa huachwa hapo bila injini na yakiwa mtelemkoni huweza kuondoka yenyewe. Tena haifai kiwanda kidogo kinachosambaza sabuni au mikate kwa lori kipewe ardhi iliyo bora kando ya reli, kisha mwenye mbolea, nafaka au chuma aambiwe hakuna nafasi.

Mwisho twafika Naivasha, katika bonde lile lile ambalo Wamasai waliondolewa mwaka 1904. Reli mpya ilianza kuchukua abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na mwezi wa Oktoba mwaka 2019 ikafunguliwa hadi Suswa. Hapo ilikomea. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya maeneo maalumu ya kiuchumi, ekari 1,000 zilitengwa karibu na Mai Mahiu kwa ajili ya viwanda, na bohari ya makontena ikajengwa. Wenye viwanda waliahidiwa umeme wa bei nafuu kutoka Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1981. Uganda, Sudani Kusini na nchi nyingine jirani ziliahidiwa viwanja vya bandari kavu. Kwa kuwa reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na reli mpya milimita 1,435, behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Ilibidi ijengwe njia ya kilomita 24 ya kuunganisha bohari na reli ya zamani kule Longonot, na kila kontena liendalo Uganda kwa reli huinuliwa kutoka behewa moja na kuwekwa katika jingine.

Bonde lile lina tabia zake, na wapimaji waliozoea ramani tu hawakuzijua kama wachungaji walivyozijua. Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka ikafanya shimo refu na kuikata barabara ya Narok. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka 2024 maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, upande wa Kijabe, mahali ambapo njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imeziba kwa takataka na magogo, yalipasua na kuteremka juu ya vijiji vya Mai Mahiu. Makumi ya watu walikufa wakiwa usingizini.

Kwa sababu hiyo halmashauri imewaomba wazee wa kila kijiji kilicho kando ya reli walete, kabla ya mkutano mkuu, majina ya mikondo yote ya maji wanayoijua, pamoja na ile iliyokauka, na mahali kila mmoja unapopita chini ya tuta la reli. Mpima ardhi atakapokuja atapewa orodha hiyo kwanza, kisha ndipo atakapoonyeshwa mipaka ya mashamba.